Mtihani wa meno wa Marekani: jamaa wapunguze simu, vyuo vitoe karatasi

Kuna maneno yanayotembea Goma, Bukavu na Uvira, hata katika familia za wahami ambazo hazina tena kambi ya kulala: kwamba kijana aliyesoma uganga wa meno akijiandikisha tu kwa mtihani wa Marekani, njia ya kwenda imekwisha funguka. Mia kadhaa za dola, fomu, picha mbili za pasipoti, na komisionere anamalizia mengine. Wazazi wenye parseli wanaanza kuhesabu bei yake. Wasio na parseli wanapiga simu kwa ndugu aliye Dayton au Grand Rapids.

Maneno hayo yakatwe mapema kabla hayajala mali ya mtu mwingine. Mtihani huo upo na ni wa kweli. Lakini hautoi visa. Hautoi kazi. Hautoi hata ruhusa ya kung'oa jino moja. Anayeufaulu anapata matokeo yanayosema amefaulu, basi. Kinachofuata ndicho kirefu, na ndicho ghali.

Unaitwa INBDE. Ulianza mwezi Agosti 2020 na kuchukua nafasi ya mitihani miwili ya zamani, ile ya sehemu ya kwanza na sehemu ya pili. Unasimamiwa na tume iitwayo Joint Commission on National Dental Examinations, mjini Chicago. Una maswali 500 katika siku mbili: 360 siku ya kwanza na 140 siku ya pili. Unafanyika kwenye kompyuta, katika vituo maalumu vya mtihani. Alama ya kufaulu ni 75 katika kipimo kinachoanzia 49 hadi 99.

Wako wanaosema mtihani huu umewekwa ili kuwanyanyasa wageni. Si kweli, na hapo lazima Wamarekani wapewe haki yao. Kijana aliyezaliwa Ohio na kusoma Ohio anakaa mbele ya maswali yale yale, kwa saa zile zile. Hakuna mtihani wa weupe na mtihani wa wakimbizi.

Ukuta uko pengine. Marekani ina tume nyingine, CODA, inayoidhinisha vyuo vya uganga wa meno. Chuo kisichoidhinishwa na CODA, diploma yake peke yake haifungui mlango karibu katika majimbo yote. Hapo aliyesoma Kinshasa, aliyesoma Makerere, aliyesoma Muhimbili, aliyesoma Cairo na aliyesoma Mumbai wote wako katika kapu moja. Wanatakiwa kurudi shuleni, katika programu ya miaka miwili, mara nyingine karibu mitatu, ili wapate diploma ya Kimarekani. Maombi ya programu hizo hupitia mtandao mmoja uitwao CAAPID. INBDE ni tiketi ya kuomba nafasi huko. Vyuo vingi vinataka pia mtihani wa Kingereza wa TOEFL, na vingine vinamwita mwombaji achonge meno ya bandia mbele ya walimu ili waone mkono wake unafanyaje. Baada ya shule kuna mtihani wa vitendo, kisha leseni ya jimbo, na kila jimbo lina sheria zake.

Minervali ya programu hiyo, kwa miaka yote, katika vyuo vingi inapita dola laki moja. Hapo ndipo habari inapobadilika kulingana na mtu alivyoingia Marekani. Aliyepokelewa rasmi kama mkimbizi, au aliyepewa hifadhi, ana haki ya kuomba mkopo wa masomo wa serikali kama raia. Aliyeingia kwa visa ya mwanafunzi hana haki hiyo. Anahitaji mali yake mwenyewe, au mdhamini wa kusimama naye benki. Kwa hiyo familia iliyo Goma ikiambiwa "mtoto atakopeshwa huko huko", swali la kwanza kuuliza ni: ataingia kwa karatasi gani? Kwa miaka kadhaa Kongo ndiyo iliyokuwa nchi ya kwanza kwa idadi ya wakimbizi waliopokelewa Marekani, lakini mlango huo ulisimamishwa Januari 2025. Anayeahidi leo kumpitisha mtu mlango huo kwa sababu ya meno anauza upepo.

Je, ni haki mganga aliyetibu watu miaka kumi Kampala arudi kukaa darasani na kulipa dola laki moja ili afundishwe kuziba jino? Hapana, si haki kabisa. Marekani yenyewe ina maeneo mengi, ya vijijini na ya mijini, ambayo serikali yake imeyaandika kuwa hayana waganga wa meno wa kutosha. Mamilioni ya watu wanaishi humo. Kumpima mtu kwa mkono na kwa akili ni jambo zuri. Kukataa kuhesabu miaka yake kumi ni jambo lingine, na wenye kufaidika nalo ni vyuo vinavyopokea minervali. Lakini sheria hiyo haitabadilishwa kutoka Himbi wala Katindo. Kuna mambo mengine ambayo yako mikononi mwa watu wa hapa, na hayo ndiyo ya kusemwa kwa sauti.

La kwanza ni karatasi.

Ili mtu aliyesoma nje ya Marekani aruhusiwe kufanya INBDE, anaanza kwa kupata namba iitwayo DENTPIN. Namba hiyo hailipiwi. Kisha releve zake za alama lazima zipimwe na ofisi iitwayo ECE, iliyo Milwaukee, katika jimbo la Wisconsin, na ripoti yake iende kwa tume. ECE haipokei releve iliyotoka kwenye begi la mwanafunzi. Inataka zitoke chuoni zenyewe, katika bahasha iliyofungwa na kupigwa muhuri, au kwa njia ya kompyuta kutoka kwa chuo. Zikiwa kwa Kifaransa, zinahitaji tafsiri ya Kingereza, neno kwa neno. Na yule ambaye bado anasoma anahitaji mkuu wa kitivo atie sahihi kuthibitisha kwamba yuko tayari kwa mtihani.

Sasa msomaji aliyepita chuo kikuu chochote nchini Kongo ajiulize: bahasha hiyo itatoka siku gani? Ofisi ya apariteri inajulikana. Leo mwenye muhuri hayuko. Kesho karatasi zimekwisha. Keshokutwa kuna "motisha" kidogo ya kulainisha mambo. Releve ya mwaka wa pili haionekani kwa sababu ilihamishwa na sanduku lake. Mwanafunzi aliye Kinshasa angalau anaweza kwenda kukaa mlangoni kila asubuhi. Yule ambaye familia yake iko Goma au Masisi, na yeye mwenyewe yuko Michigan, amtume nani? Tangu mwisho wa Januari 2025, M23 ilipouteka mji wa Goma, benki za biashara zilifunga milango na ndege za abiria zikaacha kutua. Watu wanavuka kwenda Gisenyi ili kupata pesa zao wenyewe. Ndugu hawezi tena kupanda ndege ya asubuhi kwenda Kinshasa kumfuatilia mdogo wake releve.

Waliosoma Kampala, Dar es Salaam, Nairobi au Kigali wana nafuu ya lugha, kwa kuwa karatasi zao tayari ni za Kingereza. Lakini hata huko kuna wanaodaiwa minervali ya muhula wa mwisho, na chuo kinashikilia karatasi mpaka deni liishe. Chuo kina haki ya kudai pesa zake. Lakini kumfungia mtu releve ni kumzuia asipate ile kazi ambayo ingelipa deni hilo.

Halafu kuna majina. Jambo hili linaonekana dogo, nalo limebeba hasara kubwa. Mkongomani ana majina matatu: jina, postinomu na prenomu. Tangu siku za Mobutu na siasa yake ya kurudia asili, postinomu ni sehemu ya mtu. Marekani inajua majina mawili, la mbele na la ukoo. Mtu anapopita ofisi za wakimbizi, mwandikaji mmoja anaweka postinomu katikati, mwingine anaiunganisha na jina, wa tatu anaiacha kabisa. Diploma inasema kitu kimoja, pasipoti kingine, kadi ya Marekani kingine tena. Siku ya mtihani mtu anaonyesha vitambulisho viwili, na jina lazima lilingane na lile aliloandika wakati wa kujiandikisha. Lisipolingana, anarudishwa mlangoni na pesa zake zimepotea.

Tarehe ya kuzaliwa nayo ni hivyo hivyo. Wakimbizi wengi wameandikiwa tarehe 1 Januari, kwa kuwa siku ya kuandikishwa hapakuwa na karatasi ya kuzaliwa, au mwandikaji alikuwa na haraka. Kwenye diploma ya chuo kuna tarehe ya kweli. Mtu mmoja, siku mbili za kuzaliwa. Anayejiandaa kwa mtihani huu aanze kusawazisha majina na tarehe mwaka mzima kabla ya kufungua kitabu. Na wazazi walio hapa, wanaoandikisha watoto wadogo leo hii, waangalie jinsi jina linavyoandikwa kwenye kila karatasi, hata kama mwandikaji anakunja uso. Herufi moja inayozidi leo itakuja kudaiwa baada ya miaka ishirini.

Kuhusu masomo yenyewe, hakuna siri kubwa. Mtihani umejengwa juu ya maeneo 56 ya kazi ya mganga na maeneo 10 ya elimu ya msingi. Maswali mengi yanakuja na kisanduku cha mgonjwa: umri wake, analalamikia nini, anakunywa dawa gani, mdomoni kuna nini. Siku ya pili yote ni ya namna hiyo. Karibu maswali 22 katika kila 100 yanahusu namna ya kuendesha kazi: haki za mgonjwa, siri zake, usalama, namna ya kusoma utafiti. Hapo ndipo waganga wazuri wa kigeni wanapojikwaa, kwa sababu mambo hayo yanafuata desturi za Marekani. Na aliyejifunza kwa Kifaransa anaijua molari na anaijua karie, lakini ana dakika moja na kidogo tu ya kusoma kila swali kwa Kingereza na kujibu. Kingereza ndiyo kazi ya kwanza. Vifaa vya kusomea vipo vya kulipia na vya bure. Tume yenyewe imeweka maswali ya mazoezi, na kuna masomo ya video kama ya Mental Dental, ambayo yanamgharimu mtu mega za intaneti peke yake.

Wajihadhari na vikundi vya simu vinavyogawa maswali "yaliyokumbukwa" na waliotoka kwenye mtihani. Tume inayahesabu hayo kuwa wizi. Matokeo yanaweza kufutwa na mtu akafungiwa kurudi. Na nafasi zenyewe zina mpaka: mtu ana miaka mitano au majaribio matano, lile litakalotangulia, kisha baada ya hapo ni mara moja tu kwa mwaka. Kwenda kujaribu bahati ni kuchoma nafasi.

La pili ni simu, na hili ni gumu kusema katika mji ambao watu hawajui watakula nini jioni.

Mganga wa meno aliyefika Marekani kama mkimbizi hafanyi kazi ya meno. Anapakia mizigo katika ghala, anakata nyama kiwandani, anahudumia wazee usiku. Anayebahatika anapata kazi ya kumsaidia mganga wa meno, kumpa vyombo na kusafisha, yeye ambaye jana alikuwa anapewa vyombo. Anasoma saa zinazobaki. Goma ikiwa saa tatu asubuhi, huko Dayton ni saa nane au saa tisa za usiku. Simu inalia: "Yaya, utukumbuke, watoto hawajala." Anaamka, anatuma dola hamsini, analala, anakosa asubuhi yake ya kusoma. Wiki inayofuata ni shemeji. Halafu baba mdogo, kwa ajili ya matanga. Mwaka unapita, pesa za ECE na za kujiandikisha hazijakusanyika, na mtu anaanza kujiambia kwamba meno ni habari ya zamani.

Hakuna mwenye uso wa kumwambia mama aliyefukuzwa Bulengo, ambaye hema lake lilivunjwa na shamba lake bado liko chini ya askari, kwamba asimpigie mwanawe simu. Njaa haina kalenda ya mitihani. Lakini familia inaweza kukaa na kupanga. Achaguliwe mtu mmoja wa kusema kwa niaba ya wote, dada mkubwa kwa mfano, mwenye kujua kupima ni nani ana shida leo na nani anaweza kungoja. Wakubaliane na aliye ng'ambo kiasi kimoja cha mwezi, hata kama ni kidogo, na saa ya kupiga iwe jioni ya Goma, wakati kule ni mchana. Matanga na harusi zikatwe kabisa kwa muda huo. Familia zinazofanya biashara ya Birere zinajua: mtaji haukatwi kila siku ukategemewa ukue. Kwa mganga huyu, saa zake za kusoma ndizo mtaji.

Na yule aliye huko naye aseme ukweli. Wengi wanaona haya kuwaambia wazazi kwamba hawatibu mtu, kwamba wanapakia maboksi. Wanatuma picha wamevaa koti jeupe la zamani. Picha hiyo ndiyo inayozaa simu kumi.

Wako pia wanaouliza kwa nini vijana hawa wasirudi watibu meno hapa, ambako mtu mwenye jino bovu anaenda kituo cha afya na muuguzi analing'oa tu, kwa kuwa hakuna mwenye vifaa vya kuliziba. Swali ni la haki. Lakini anayeliuliza amuulize kwanza aliyebaki: analipwa na nani, na kiti chake cha meno kinapata umeme kutoka wapi? Kumlaumu aliyeondoka ni rahisi kuliko kumlipa aliyebaki.

Kwa waliosoma kwa Kifaransa kuna mlango wa pili ambao makomisionere hawautaji, labda kwa sababu hauna jina kubwa kama Marekani: Kanada. Huko mitihani ya usawazisho inaendeshwa na tume iitwayo NDEB, na inatolewa kwa Kingereza na kwa Kifaransa. Aliyesoma nje anaanza na mtihani wa maarifa ya msingi, unaoitwa AFK, kisha mwingine wa kuamua juu ya mgonjwa na mwingine wa vitendo. Akivipita vyote hivyo anaweza kuendelea na mtihani wa mwisho wa cheti bila kurudi darasani miaka miwili. Si rahisi, na mtihani wa vitendo ni ghali. Lakini kwa mtoto wa chuo cha Kinshasa, kuondolewa mzigo wa lugha peke yake ni kitu kikubwa.

Vyuo vya Kongo vinaombwa kitu kisichohitaji mfadhili. Kila kitivo kiwe na mtu mmoja anayejulikana kwa jina, mwenye anwani ya barua pepe inayojibiwa, wa kutuma releve moja kwa moja kwa ofisi za ng'ambo. Bei yake iandikwe ukutani. Na kwa wanafunzi waliotoka maeneo ya vita, ombi lipokelewe kutoka mbali bila kudai mtu afike mwenyewe.

Kuhusu waliokwisha toa pesa kwa komisionere, kuna njia fupi ya kujua wamesimama wapi. Wamwombe awaonyeshe namba ya DENTPIN ya mtoto wao na akaunti aliyomfungulia ECE. Namba hiyo haiuzwi, mwanafunzi mwenyewe anaipata kwa dakika chache katika sibere yoyote, na akaunti inafunguliwa kwa barua pepe yake mwenyewe. Komisionere akisema namba bado "iko njiani kutoka ubalozi", ubalozi haugawi namba hiyo. Wadai pesa zao leo, wakiwa na shahidi, na wachukue pia diploma ya asili ikiwa walimwachia, kopi inamtosha.